Kaseti za Upande wa Wanawake

Mama yangu alipiga video harusi za wanawake wa Ujiji kwa miaka kumi na kitu, na katika kaseti zote alizoacha, yeye mwenyewe haonekani. Kamera ilikuwa begani kwake, ataonekanaje? Sauti yake imo, naambiwa, inawafokea watu wasizibe taa. Lakini uso wake na mwendo wake hamna. Picha za karatasi ninazo tatu. Moja ya kitambulisho, kanuna kama kanyimwa chai. Moja kafumba macho. Ya tatu yuko nyuma kabisa ya kundi, unaoneshwa kwa kidole, "yule pale," unakubali tu yaishe.

Nasema naambiwa kwa sababu kaseti zenyewe sijawahi kuziona, wala siruhusiwi kuziona, na mimi ndiye ninayezitunza. Kichekesho, eh? Hata mke wangu hunicheka.

Kwetu harusi ya Kiislamu ina pande mbili. Wanaume wako uani na shehe wao na sahani za pilau, wanawake wako ndani na mlango umefungwa. Humo ndani mitandio inavuliwa, kanga zinafungwa viunoni, na watu unaowajua sokoni kwa upole wao wanacheza ngoma mpaka sakafu inalalamika. Mwanaume haingii. Sasa mpiga video mwanaume atapita wapi? Ndipo mama alipopata kazi. Mjomba wangu, aliyekuwa anafanya biashara ya kwenda na kurudi ng'ambo ya ziwa, alirudi na kamera kubwa ya kubeba begani, akashindwa kuielewa, akataka kuiuza. Mama akamwambia, niachie wiki moja tu. Wiki hiyo haikuisha tena.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha kamera alisimama mlangoni, akapiga makofi mara mbili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Jamani, kaseti hii ni ya humu ndani. Mwanaume haioni, awe aliyenizaa, awe niliyemzaa." Niliyemzaa ni mimi, sina ndugu. Neno lile lilijulikana mtaa wa Kasingirima, likajulikana mpaka mtaa wa Buzebazeba, na kwa sababu ya neno lile wanawake walijiachia. Bibi harusi alipewa nakala yake. Ile ya asili mama aliifunga uzi mwekundu, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, maana, alisema, nyumba huungua, na waume wengine hupata wazimu, na iko siku mtu atataka kujiona alivyokuwa.

Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, aliniambia nilivute lile sanduku.

"Hizi za uzi mwekundu," akasema, "wenyewe wakizitaka, wape. Wasipozitaka, zichome. Wewe usiangalie."

"Nimekuelewa, mama."

"Sijakuuliza kama umenielewa. Nimekwambia usiangalie."

Ndivyo alivyokuwa. Alifariki kabla simu za kupiga video hazijamfikia kila mtu. Zetu zilikuwa na tochi tu, na tuliringa nazo. Kwa hiyo hakuna aliyemrekodi hata siku moja akisonga ugali, akigombana na muuza samaki wa migebuka, akicheka. Na sasa miaka imepita na mimi nimeanza kusahau. Hilo ndilo linalonitesa, nalisema wazi. Sura naikumbuka, lakini mwendo unaniponyoka. Kuna wakati nasimama dukani najaribu kukumbuka alivyokuwa anageuka akiitwa, nashindwa, na siku yangu inaharibika hapo hapo, na mteja wa kwanza atakayeingia atanikoma.

Duka langu liko Mwanga, Kigoma mjini. Nachukua kaseti za zamani za watu, nazihamishia kwenye flashi na kwenye diski. Deki ninazo nne, mbili nzima, mbili za kuchinja vipuri. Harusi, ubatizo, mahafali, maziko, mzee fulani akiwahutubia wajukuu wasiomsikiliza, vyote vinapita mikononi mwangu. Watu wananiogopa kidogo, na mimi sijali. Ukiniletea kaseti nitakuuliza ni ya nani, na kama si yako, mwenyewe anajua? Muvi za kununua sinakili, nyimbo za wasanii sinakili. Nenda huko kwenye vibanda mkakamatwe pamoja. Nikimaliza kazi yako utaondoka na nakala mbili, na nitakusumbua mpaka uniahidi kwamba moja hutaiweka nyumbani kwako. Peleka kwa dada yako, peleka kazini, popote, ila zisilale chini ya paa moja. Kisha ya kwenye kompyuta yangu naifuta ukiwa umesimama hapo hapo unaona. Kuna wanaosema nina mbwembwe. Sawa.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kavaa suti, ana kaseti ya harusi yake. Tuliongea vizuri mpaka aliposema kwamba wameachana na mkewe, na kwamba anachotaka hasa ni ule upande wa wanawake, airushe kwenye magrupu, "watu wamwone alivyo." Damu ilinipanda. Nikamwambia, kaka, ukirusha hiyo umefanya kosa, kuna sheria ya makosa ya mtandao, na kuna sheria ya kulinda taarifa za watu, utalala ndani, na mimi nitakuja kutoa ushahidi nikiwa nimechomekea shati. Akasema ni mke wangu, nina haki. Nikamwambia ulishamwacha, na hata usingemwacha, sura yake hukuioa peke yako, aliitoa kwa wanawake wenzake mlango umefungwa. Majirani walikuja kutuamua. Aliondoka anafoka, kaseti kaiacha juu ya meza, na mke wangu akaipeleka kwa yule mwanamke mwenyewe.

Nasimulia hayo ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku alipokuja yule mama wa Bangwe, kule kando ya ziwa.

Alikuja asubuhi, mama wa makamo, mpole, kashika kaseti iliyoviringishwa kwenye kanga.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa kamera?"

"Ndiye mimi."

Akaifungua ile kanga. Akanieleza kwamba ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwake na kukaa, wakahamia kwa watu, na kaseti ya harusi yake ilikuwa kwenye droo ya chini kabisa. Nilipoitikisa ikamwaga mchanga. Mkanda wa ndani ulikuwa umegandana wote.

"Hii haiponi, mama," nikamwambia.

"Najua. Nimekuja kuulizia ile nyingine. Mama yako alituambia anatutunzia."

Nikamwambia ipo, na kwamba atakayeihamisha ni mke wangu, si mimi, asiwe na wasiwasi, mimi kaseti zile sijawahi kuzitazama hata moja. Nilitegemea afurahi. Akaniangalia kwa huruma.

"Kwa hiyo na mama yako hujamwona?"

"Mama hayumo, mama. Yeye ndiye alikuwa anapiga."

"Kwangu yumo," akasema. "Tulimnyang'anya kamera. Tukamwambia leo na wewe utacheza, umezidi kututazama. Akacheza wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho. Yebabawe! Alivyocheza yule mwanamke!"

Nilivuta kiti nikakaa. Hata sikumbuki kama nilimuaga.

Kaseti niliipata siku ile ile sandukuni, jina la bibi harusi limeandikwa kwa mwandiko wa mama, uzi wake umefungwa mara tatu. Ila ilikuwa na ukungu, mweupe, kando kando ya mkanda. Unyevu wa ziwa hauna adabu. Mkanda wenye ukungu hauchezeshwi hivi hivi. Utaichafua deki na utakatika. Unaifungua kaseti yake, unaupitisha mkanda taratibu kwenye kitambaa laini chenye spiriti, mita kwa mita, ni kazi ya siku mbili. Nikaifanya kwa mikono yangu, na sikuihesabu kuwa ni kuangalia, maana mkanda wa video hata ukiuinua juani huoni kitu, ni utepe mweusi tu. Niliuinua lakini. Sitakudanganya. Niliuinua dirishani nikaukodolea macho, mtu mzima mwenye mvi, na mahali fulani katikati ya vidole vyangu mama yangu alikuwa anapita anacheza, na mimi sijui ni wapi.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini kabla ya wote, mtaa uko kimya, maduka yamefungwa. Nikaingia dukani nikafunga mlango kwa ndani. Nikaitia kaseti kwenye deki, ikaimeza. Televisheni ilikuwa bluu tupu, inangoja. Kidole nimekiweka juu ya kitufe. Nani atajua? Nitapeleka mbele mpaka pale alipo mama, nitatazama wimbo mmoja, nitazima. Hao wengine nitawafanyia kama sijawaona. Nikajiambia maneno mengi matamu. Ni mama yangu. Amekufa. Nina haki.

Hapo kwenye nina haki nikamsikia yule bwana wa suti. Maneno yale yale, na sauti ilikuwa yangu.

Nikaitoa kaseti. Nikakaa sakafuni pale pale, nikamkasirikia mama, wallahi nilimkasirikia. Nikasema kwa sauti, peke yangu, mlango umefungwa: ulishindwa nini kusema isipokuwa mwanangu? Neno moja tu. Ungepungukiwa nini?

Jumapili nikaenda Bangwe. Nilimkuta yule mama anaanika dagaa, nikamweleza haja yangu bila kuzunguka. Nataka kumwona mama yangu. Wimbo mmoja. Naomba ruhusa yako, kwa sababu kaseti ni yako.

Akaendelea kutandaza dagaa kwa muda, halafu akajifuta mikono.

"Mimi nakuruhusu, mwanangu, hata leo," akasema. "Lakini mle ndani si mimi peke yangu niliyevua mtandio. Nitakuruhusu vipi uangalie vichwa vya wenzangu?"

Alinikata maini, kwa sababu ndilo jibu ambalo ningempa mteja. Akahesabu kwa vidole waliokuwa wamemzunguka mama wakati ule na ambao bado wako hai. Pamoja na yeye walikuwa saba, na wa mwisho alimjua kwa jina la utani tu. Wengine wako Ujiji, wengine Kasingirima, mmoja amehamia huku kwetu. Mimi siwezi kwenda kubisha hodi kwa mama wa watu nikamwambia nataka kukuangalia ulivyokuwa unacheza bila mtandio. Nitapigwa, na nitastahili. Akaenda mke wangu.

Ilimchukua wiki. Kila akirudi nilikuwa mlangoni namngoja, na kila akiniona hivyo anacheka, "Subiri nivue viatu basi." Wengi walimpokea vizuri. Walimkumbuka mama, wakamlilia upya, wakasema watakuja kuitazama wote pamoja kisha waamue. Siku ya mwisho alirudi hana kicheko.

"Wa saba ni nani?" nikamuuliza.

"Ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Mkweo. Ndiye aliyemvuta mama yako mkono akacheze."

Nikashika kichwa. Walikuwa marafiki, nalijua hilo; ndoa yetu ilianzia kwenye urafiki wao. Lakini kwa mila yetu mama mkwe hukai naye mkeka mmoja. Ukimwona anakuja njiani unampisha, unainamisha uso, unamwamkia kwa heshima yote, basi. Miaka yote hii sijawahi kumwona nywele zake. Na sasa nilikuwa naomba kumtazama akiwa bado kijana, anacheza ngoma, kanga kiunoni. Hata kumwomba kwenyewe ni utovu wa adabu. Mke wangu akasema, "Nimemwambia tu aje. Hajasema kitu. Amesema atakuja."

Walikuja nyumbani kwetu Buzebazeba Jumamosi baada ya alasiri. Nilikuwa nimemfundisha mke wangu siku tatu nzima: kitufe hiki cha kuchezesha, hapa unarekodi kwenye kompyuta, hapa unafunika sura ya asiyetaka kuonekana, hapa unaweka neno la siri, na hilo neno usiniambie. Ni mwalimu wa hesabu, alinichoka mapema. Nikawafungia mapazia, nikawaunganishia waya, nikatoka. Nilikaa barazani, mgongo ukutani, kwa sababu mkanda ukikwama lazima niwepo. Yule mama wa Bangwe ndiye aliyesema mbele ya wote: "Sauti asikie. Sauti ya mama yake ni haki yake." Hakuna aliyebisha.

Mlango ukafungwa. Nikasikia deki inanguruma, kisha mkwaruzo, kisha vigelegele vya watu wengi mle kwenye kaseti, na juu ya vigelegele, karibu kabisa, karibu kuliko mke wangu aliyekuwa nyuma ya ukuta, nikamsikia mama.

"Sogea, wewe wa kijani, unaziba taa."

Niliweka kiganja mdomoni. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kucheka. Nimeishi na yule mtu miaka yote ile, na nilikuwa nimesahau. Bibi harusi akiwa bado anapambwa chumbani: "Inua kidevu, hujafiwa." Kile kikohozi, halafu kicheko. "Shangazi, ukitaka kuonekana simama, ukitaka kula kaa." Wale mama mle ndani walikuwa wanacheka na kulia, wanatajana, fulani huyo, Mungu amrehemu, tazama alivyokuwa mwembamba. Mimi nje nilikuwa sisikii chochote isipokuwa yule mmoja. Saa nzima. Ningekaa pale mpaka leo.

Kisha mle ndani wakaanza kupiga kelele, "Ni sasa hivi! Ni hapa!" Kwenye kaseti kulikuwa na purukushani, kamera inagongwa, mtu anasema leta, leta hiyo na wewe ucheze. Na sauti ya mama, kwa mara ya kwanza, ikatokea mbali. Haikuwa tena nyuma ya kamera. Nikajua yuko mbele yake. Nikajua hivi sasa, upande wa pili wa ukuta huu, anaonekana.

"Zima!" akasema mama. "Zima hiyo, unanimalizia betri! Bibi harusi bado hajatoka!"

Ukimya. Mkwaruzo. Halafu vigelegele vingine, bibi harusi anatolewa, na mama yuko karibu tena, nyuma ya kamera yake, anawaambia watu wasogee.

Mke wangu akarudisha nyuma, akachezesha tena. Zima, unanimalizia betri. Akarudisha tena. Nikamsikia anahesabu, mwalimu wangu wa hesabu. Sekunde tisa.

"Lakini alicheza!" akasema mmoja, karibu agombane. "Alicheza wimbo mzima, nilikuwepo!"

Alicheza, hawakusema uongo. Alicheza kamera ikiwa imezimwa. Betri ilikuwa moja, na umeme wa Kigoma enzi zile unajua mwenyewe, betri ikiisha leo utaichaji keshokutwa. Bibi harusi asingetoka mara mbili. Basi akahakikisha imezimwa, ndipo akajiachia. Nilitaka kucheka, ikashindikana. Mwanamke yule! Siku moja tu watu wanamrekodi, yeye anawaza kazi.

Ndipo nikamsikia mama mkwe. Huwa haongei sana, sauti yake ni ya chini, ilibidi nisogeze sikio ukutani.

"Hakuanza hivyo mnavyosema," akawaambia. "Alianza na mguu wa kushoto. Ondoeni hiyo meza."

Wakaiondoa meza. Mtu akaanza kupiga makofi, wakashika wimbo, sauti za kizee, zimekwaruza, na miguu ikaanza. Wanawake saba wenye magoti mabovu. Nilisikia wanabishana huku wanacheza, hapana, hapa alizunguka, hapana, alizunguka baadaye, aliinama kwanza. Walikuwa wanamcheza mama yangu mle ndani, kipande kwa kipande, na ukuta ulikuwa unatetemeka mgongoni pangu, na sikuona hata unyayo mmoja.

Walitoka magharibi inaingia. Niliinamisha uso wakipita. Mke wangu akaja kukaa na mimi, akanieleza walivyokubaliana. Kaseti itafungwa uzi wake tena na kurudi sandukuni. Nakala ni mbili, moja kwa mama wa Bangwe, nyingine kwa mwenzake wa Ujiji, panapofika ziwa na pasipofika, zote zina neno la siri. Mmoja aliomba sura yake ifunikwe, imefunikwa. Hakuna simu iliyopiga picha ile televisheni, waliziacha zote jikoni kwenye sufuria. Nikamwambia safi. Nilikuwa nangoja.

"Na zile sekunde tisa," akasema, "wengine wote wamesema upewe."

"Wengine wote."

"Mama yangu alingoja watoke. Amesema hivi: mwambie mume wako, nikishaondoka mimi, aangalie. Lakini nikiwa hai, kesho nitamwangaliaje usoni?"

Hakukataa. Angekataa ningenuna, ningepona. Nikamwambia mke wangu, mfunike basi, mfunike na weusi, kama ulivyomfunika yule mwingine, ni kazi ndogo. Akasema amejaribu tayari, alijua nitasema hivyo. Wameshikana, mama yake kaegemea bega la mama yangu, vichwa vimegusana. Ukimfunika mmoja, mwenzake anabaki jicho na sikio. Nikamuuliza mama anafanya nini hasa. Akasema anacheka, anageuka. Nikamuuliza anageukaje. Akasimama pale barazani akajaribu kunionesha, akageuka mara moja, mara mbili, akasema, "Siwezi. Si hivi." Akaingia ndani.

Zile sekunde ziko kwenye flashi ndogo, na mke wangu ndiye anajua ilipo na namna ya kuifungua. Sauti ninayo kwenye simu. Zima, unanimalizia betri.

Mwezi uliopita mama mkwe alipata kizunguzungu akadondoka jikoni kwake. Mimi ndiye niliyetafuta bajaji, mimi ndiye niliyembishia dereva njia nzima aepuke mashimo. Hospitali nilikaa benchi la mbali, nimempa mgongo kwa heshima, mke wangu yuko naye. Nikamwombea. Namwambia Mungu mponye, ni mama yangu aliyebaki, na katikati ya dua hiyo hiyo zile sekunde tisa zikaja zenyewe, bila kuitwa. Nikazifukuza. Zikarudi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Daktari akatoka anatabasamu. Presha tu, dawa aliruka siku mbili. Moyo mzima, mapafu mazima. "Huyu bado yupo sana," akasema. Nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Akatolewa, kamshika mke wangu bega, anatembea taratibu. Nikasimama kumpisha, uso chini. Alipofika usawa wangu akasimama. Hakunigeukia.

"Nisamehe, baba," akasema. "Bado nipo."

"Mungu akuweke, mama," nikamjibu. "Akuweke miaka mingi."

Nilimaanisha kila neno. Kisha nikaenda nyuma ya jengo la maabara, nikalia mpaka mke wangu akaja kunitafuta.